Ukitaka Kushusha Forester

Leo naomba nizungumze na wenye magari, hasa vijana wenye Subaru Forester.

Forester ya kizazi cha pili, ile iliyoingia sokoni Japan mwaka 2002, hutoka kiwandani ikiwa na nafasi ya takriban sentimita 20 kati ya tumbo lake na ardhi. Akishaipata, kijana wa Nairobi au wa Mombasa mara nyingi huanza kuwaza namna ya kuipunguza nafasi hiyo. Halipendi lile pengo lililo juu ya tairi, ambalo ngumi inapita bila kugusa popote. Anataka fenda ikae karibu na mpira, gari likae chini, na likikata kona lisilale upande. Basi ananunua springi fupi. Na kwa kuwa gereji inadai pesa, na yeye ana mikono na seti ya spana, anaamua kuzifunga mwenyewe Jumamosi, pale pale nyumbani anapoegesha.

Mimi simpingi. Napenda mtu anayelifungua gari lake kwa mkono wake, maana anayejua kilichopo nyuma ya gurudumu ni vigumu kudanganywa na fundi. Ninachomtakia ni kwamba jioni awe mzima, vidole vyote mahali pake, na gari liwe bora kuliko lilivyokuwa asubuhi. Hilo linawezekana kabisa. Ila linadai mambo ambayo muuzaji wa springi kwa kawaida hamwambii mteja.

Kwanza tujiulize gari lishuke kiasi gani. Mapenzi yetu kwa Subaru yametoka kwa sehemu kubwa kwenye Safari Rally. Mwaka 1990 dereva Jim Heather-Hayes alishinda kundi la N akiwa na Subaru Legacy, kundi la magari yaliyo karibu na yale yanayouzwa dukani. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda mashindano yote kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akafanya vivyo hivyo. Sasa angalia picha za magari hayo ya Safari, kisha angalia picha za Impreza ya timu hiyo hiyo ikikimbia kwenye lami ya kisiwa cha Corsica. Kwenye lami gari limelala chini kabisa. Huku kwetu limeinuliwa, limefungwa vyuma mbele, na bomba la kuvutia hewa limepandishwa juu ili maji yasiingie kwenye injini. Mafundi walikuwa wale wale wa kampuni ya Prodrive kutoka Uingereza. Walitazama barabara kwanza, ndipo wakachagua kimo cha gari.

Nawe fanya hivyo. Jiulize unapita wapi. Kama gari lako linashinda kwenye lami ya mjini, linapanda matuta ya kawaida na kuingia kwenye egesho la chini ya jengo, unayo nafasi ya kupunguza. Kama kila Desemba unapakia watu watano, mizigo juu ya watu, ukaenda mashambani kwenye njia yenye mifereji iliyochimbwa na mvua, hesabu inabadilika. Springi ikishakuwa fupi, safari ya gurudumu kwenda juu inapungua. Gari likibeba mzigo, shokapu inafika mwisho wake na kugota kwenye mpira wake mapema, na kila shimo linakufikia uti wa mgongo. Kwa maoni yangu, kwa Forester inayotumika katika maisha ya kawaida ya Afrika Mashariki, kushusha milimita 25 hadi 30 kunatosha. Zaidi ya hapo unaanza kulipa gharama ambazo macho hayazioni.

Nieleze gharama moja, kwa sababu wengi hawaijui, na ndiyo inayonifanya niwe mkali kuhusu jambo hili. Magurudumu ya mbele ya Forester yameshikwa kwa mpangilio uliobuniwa katika miaka ya 1940 na injinia Mmarekani, Earle MacPherson, ambao Ford waliuingiza kwenye magari yao ya Ulaya karibu na mwaka 1950. Springi na shokapu vimefungwa pamoja kama nguzo moja inayosimama juu ya gurudumu, na chini kuna mkono mmoja wa chuma unaotoka kwenye fremu hadi kwenye boljointi. Gari likiwa na kimo chake cha kiwandani, mkono huo umeinama kidogo kuelekea gurudumu. Ukilishusha gari kidogo, mkono unalala sawa. Ukilishusha sana, unageuka: upande wa gurudumu unakuwa juu na upande wa fremu chini.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Bodi ya gari inapolala kwenye kona, huzunguka kwenye sehemu fulani ambayo haionekani, na mahali pa sehemu hiyo panapangwa na pembe ya mkono huo. Ukishusha gari kwa sentimita 5, kitovu cha uzito wa gari kinashuka karibu sentimita 5, lakini ile sehemu ya kuzungukia inaweza kushuka zaidi ya hapo. Umbali kati ya viwili hivyo unaongezeka, na kwa hiyo nguvu inayolilaza gari kwenye kona nayo inaongezeka. Kijana ameshusha gari ili lisilale, na kumbe amelipa sababu mpya ya kulala. Haoni kwa sababu springi zake ni ngumu na zinauficha ugonjwa huo, hadi siku atakapokutana na shimo katikati ya kona na usukani ukavuta wenyewe upande mmoja, kwa kuwa vyuma vya usukani navyo vimetoka kwenye pembe yake.

Kwa hiyo springi inunuliwe kwa namba ya gari lako. Eibach wa Finnentrop, Ujerumani, wamekuwa kwenye kazi hii tangu mwaka 1951. Tein wa Yokohama walianza mwaka 1985. Kampuni za namna hiyo hutoa springi kwa modeli fulani ya gari, na hueleza litashuka milimita ngapi mbele na ngapi nyuma. Huko Ujerumani jambo hili limechukuliwa kwa uzito kiasi kwamba springi huuzwa na hati zake, na kwa kawaida mkaguzi hulikagua gari baada ya kazi na mabadiliko yakaandikwa kwenye nyaraka zake. Huku kwetu hakuna atakayekuuliza dukani, basi jiulize mwenyewe. Na kama bima yako ni kubwa, waarifu wenye bima kabla hujaanza, ili siku ya ajali wasikukatalie.

Ipo njia ya mkato, nayo ni kukata springi za zamani kwa grenda. Fundi anakata mzunguko mmoja, gari linashuka, mteja analipa kidogo na kuondoka anatabasamu. Naomba uikatae njia hii hata kama ni ya bure. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiibakishia 5, inakuwa ngumu kwa asilimia 20 zaidi, wakati shokapu yake ni ile ile iliyopangwa kwa springi laini. Ncha iliyokatwa haina tena umbo la kukaa kwenye kiti chake. Na siku utakapolipiga gari jeki kubadilisha tairi, gurudumu likining'inia, ile springi iliyokatwa inaweza kulegea na kutoka mahali pake, na ukilirudisha gari chini ikakaa upande. Wako na wanaoipasha springi moto wa gesi hadi ilegee na kuzama. Chuma cha springi kina nguvu zake kwa sababu kilipashwa na kupozwa kwa kipimo kiwandani. Ukikichoma upya barabarani unaiondoa kazi hiyo yote. Springi halisi fupi hutengenezwa kwa hesabu nyingine kabisa. Waya wake ukiongezwa unene kwa asilimia 10 tu, vingine vyote vikibaki vile vile, ugumu unapanda kwa asilimia 46. Hesabu nyeti kiasi hicho haifanywi kwa kukadiria na grenda mkononi.

Kabla hujalipa, chungulia pia shokapu za nyuma. Baadhi ya Forester zilitoka na shokapu zinazojisawazisha zenyewe: ukipakia mzigo nyuma, gari likitembea kidogo, shokapu zinalinyanyua. Hizo zinabeba sehemu ya uzito wa gari. Ukiweka springi fupi huku umeziacha, zitapigana nayo, na nyuma haitakaa ulivyotaka. Zinabadilishwa pamoja na springi. Na hata kama zako ni za kawaida, ikiwa zimeshatembea miaka na zinavuja mafuta, ni kupoteza muda kuzifunga tena chini ya springi mpya.

Haya, sasa Jumamosi imefika. Tafuta mahali pagumu na pa sawa, saruji ikiwezekana. Kabla ya kugusa nati yoyote, pima kwa futi kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda kwa kila gurudumu, na uandike. Bila namba hizo jioni utabaki kubishana na macho yako. Legeza nati za magurudumu gari likiwa chini, zuia magurudumu ya upande wa pili, nyanyua, weka stendi mbili imara chini ya sehemu za fremu zilizotajwa kwenye kitabu cha gari. Jeki peke yake haitoshi, na matofali ya saruji usiyaamini hata kidogo, kwa sababu hupasuka ghafla bila dalili.

Kutoa shokapu ya mbele ni kazi ya wazi. Unafungua bano la hosi ya breki na waya wa ABS ili visivutwe. Chini kuna bolti mbili nene za spana namba 19, na ile ya juu kati ya hizo mbili ndiyo inayorekebisha mlalo wa gurudumu, kwa hiyo iwekee alama ya rangi kabla hujaizungusha. Juu, chini ya boneti, kuna nati tatu ndogo zinazokizunguka kiti cha shokapu, na katikati yao kuna nati moja kubwa.

Hiyo nati ya katikati, msikilizaji, usiiguse. Hiyo ndiyo inayoishikilia springi iliyojikunja humo ndani. Fungua zile tatu za pembeni tu, toa nguzo nzima, ilaze chini.

Naomba nikae hapa kidogo. Chukua springi inayohitaji uzito wa kilo 3 kubonyea milimita 1, kiwango kisicho mbali na cha magari ya aina hii. Ukiibana sentimita 15, inasukuma kwa nguvu ya uzito wa kilo 450. Nishati iliyomo ni kama ya mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioachiwa kutoka karibu sentimita 70 juu, isipokuwa mfuko huanguka chini, na springi haichagui pa kwenda. Ukifungua nati ya katikati bila kuibana springi, kiti cha juu kinaruka pamoja na nati, na kwa kawaida uso wa fundi uko hapo hapo juu kwa kuwa anatazama anachokifungua.

Nimeona springi zikifungwa kwa waya wa kusukia nondo, nimeona zikifungwa kwa mnyororo wa baiskeli. Walioifanya kazi hiyo walikuwa mafundi wenye uzoefu, watu wenye akili, na wote walinipa sababu moja: kibanio hakuna. Waya ule haukutengenezwa kwa mzigo wa mamia ya kilo, na ukikatika hautoi nafasi ya kuondoa mkono.

Kibanio cha kawaida ni bolti mbili ndefu zenye kulabu pande zote. Paka nyuzi za bolti grisi. Weka moja upande huu wa springi na nyingine mkabala wake kabisa, na kulabu zishike pete nyingi kadiri inavyowezekana. Kisha kaza kwa mkono, mizunguko michache huku, mizunguko michache kule, kwa zamu. Usitumie mashine ya upepo. Utaona pete za springi zikisogeleana polepole, rangi ya zamani ikibanduka na kudondoka, na ukizidisha upande mmoja springi yote inaanza kupinda kuelekea nje. Ikianza kupinda simama, nenda upande wa pili, isawazishe. Ncha za bolti zielekee ukutani au kwenye uwazi, kamwe zisielekee tumbo lako wala la anayekusaidia. Utajua umefika pale springi inapolegea kwenye kiti chake na unaweza kuizungusha kidogo kwa mkono. Hapo ndipo nati ya katikati inafunguliwa, wala si sekunde moja kabla.

Springi mpya, kwa kuwa ni fupi, mara nyingi itataka kubanwa kidogo tu, au isihitaji kibanio kabisa. Ila iangalie: shokapu ikiwa imenyooka hadi mwisho wake, springi bado inatakiwa kubanwa kidogo kati ya viti viwili. Ikicheza, umeuziwa springi isiyo ya gari lako. Maandishi yake yasomeke wima, na ncha ya chini iegemee kwenye ngazi iliyopo kwenye kiti, iguse kabisa. Mpira wa kugota usiukate isipokuwa karatasi ya mtengenezaji imesema ukate, na kwa kipimo ilichotaja.

Nyuma ni hivyo hivyo, tofauti ikiwa kwamba kwenye Forester hii nati za juu zimefichwa nyuma ya plastiki za buti. Zitoe taratibu, klipu zake zimeshazeeka.

Sasa kuna kazi ambayo ukiiruka hakuna atakayejua, na ndiyo inayotofautisha kazi safi na kazi ya kulipua. Bushi za mikono ya chini ni mpira ulioshikana na chuma. Hazitelezi, zinajinyonga na kujinyonga tena. Kiwandani zilikazwa gari likiwa na kimo chake cha zamani. Ukilishusha gari na kuziacha hivyo, zinabaki zimenyongwa usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa, na baada ya muda zinachanika. Kwa hiyo legeza bolti za bushi hizo, lishushe gari hadi lisimame kwa magurudumu yake, lisukumesukume likae, kisha uzikaze uzito wote ukiwa chini, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kipimo cha kitabu. Ni kazi ya kulala chali kwenye nafasi finyu. Gari likiwa limeegemea magurudumu, bado weka stendi pembeni chini ya fremu kama akiba.

Pima tena kutoka rimu hadi fenda. Mbele kushoto na mbele kulia zikipishana kwa zaidi ya milimita chache, kuna springi ambayo haijakaa. Endesha siku chache taratibu, springi zikae, kisha upeleke gari alaimenti. Kuna wanaosema alaimenti si lazima kwa sababu gari haliwavuti. Tairi mbili za mbele zikiisha upande wa ndani, utagundua kwamba pesa ya alaimenti ilikuwa ndogo.

Na taa. Kimo kikibadilika, mwanga nao unabadilika. Nyuma ikishuka kuliko mbele, taa zinapanda na unampofusha dereva anayekuja mbele yako kwenye barabara ya njia mbili usiku. Mbele ikishuka zaidi, unaendesha ukiona mita chache tu. Simamisha gari mbele ya ukuta, uzirekebishe taa usiku ule ule.

Namalizia kwa ombi kwa wenye maduka ya vipuri. Marekani, maduka kama AutoZone humpa mteja kibanio cha springi kwa amana, na akikirudisha anapewa fedha yake. Nawaomba wauzaji wa Kirinyaga Road jijini Nairobi, na ndugu zao wa Gerezani, Dar es Salaam, wafanye hivyo hivyo. Unayemuuzia kijana springi nne, unajua fika kwamba hana cha kuzibania. Weka vibanio viwili imara nyuma ya kaunta, chukua amana, mwachie kwa siku mbili.

Nawe uliyenunua, kama duka lako bado halina, usifikirie waya. Toa shokapu mwenyewe nyumbani nati ya katikati ikiwa imefungwa, zipeleke kwenye gereji yenye kibanio cha ukutani, lipia kubadilishiwa springi tu, kisha rudi nazo ukamalizie kazi yako.